Kodrai za oda na viraka vya nyumbani: kisa cha ushirika wa washonaji wa Alabama

Mwaka 1972, ushirika wa wanawake washonaji katika kaunti ya Wilcox, jimbo la Alabama, Marekani, ulikubali kazi ya kushona foronya za kodrai, kitambaa kinene chenye mistari ya manyoya, kwa ajili ya kampuni ya maduka ya Sears. Ilikuwa kazi ya kupimwa kwa rula: ukubwa mmoja, rangi alizozichagua mnunuzi, mshono uleule kuanzia foronya ya kwanza hadi ya mwisho. Walioipokea walikuwa mabingwa wa kazi iliyo kinyume kabisa na hiyo, yaani blanketi la viraka, ambalo huanza na kitambaa chochote kilichobaki na kukoma pale jicho la mshonaji linaporidhika. Ushirika wao uliitwa Freedom Quilting Bee.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hasara: wasanii waligeuzwa vibarua wa kiwanda. Sikubaliani. Ukifuatilia kitambaa chenyewe, kilikotoka na kilikokwenda, utaona kwamba oda ile ililisha usanii wa wanawake hao kuliko tukio lolote la miaka hiyo. Udhaifu uliokuja kuuangusha ushirika ulikuwa kwingine, na ndio ninaotaka kuufikia. Lakini kwanza tuanze na ardhi, kwa maana bila ardhi hakuna ushirika wa kuzungumzia.

Gee's Bend, walikotoka baadhi ya washonaji hao, ni kijiji kilicho ndani ya kona kubwa ya Mto Alabama, na maji yamekizunguka pande tatu. Jina lake linatokana na Joseph Gee, mmiliki wa shamba la pamba aliyefika huko mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba likaenda kwa Mark Pettway, ambaye alihamia na watu wapatao 100 aliowamiliki kama watumwa, wakitembezwa kwa miguu kutoka North Carolina. Jina lake wamelibeba vitukuu vyao hadi leo. Ukisoma orodha ya washonaji wa kijiji hicho, Pettway hufuata Pettway hata wasio ndugu wa karibu.

Baada ya utumwa kukomeshwa, wazao wao walibaki palepale wakilima pamba kwenye ardhi ya wengine. Mbegu, mbolea na chakula walichukua kwa mali kauli kutoka kwa mfanyabiashara wa Camden, mji ulio ng'ambo ya mto, wakitegemea kulipa baada ya mavuno. Bei ya pamba iliposhuka, deni lilipanda. Mwaka 1932 mfanyabiashara huyo akafariki, na waliorithi madai wakatuma watu kukusanya kila walichokikuta: nyumbu, majembe, mikokoteni, mahindi ya ghalani. Familia ziliingia majira ya baridi mikono mitupu, zikaokolewa na chakula cha msaada cha Msalaba Mwekundu.

Miaka michache baadaye serikali ya shirikisho iliinunua ardhi ile, ikajenga nyumba, na katika miaka ya 1940 ikaziuzia familia mashamba kwa mikopo nafuu. Hili ndilo jambo la kulishika. Watu wa Gee's Bend wakawa wenye ardhi, huku majirani zao wengi katika kaunti wakibaki wapangaji. Harakati za haki za kiraia zilipofika, tofauti hiyo ilionekana wazi.

Blanketi la viraka ndani ya maisha hayo lilikuwa kinga ya baridi. Nyumba za zamani zilikuwa za mbao zenye mianya. Watu walibandika kurasa za magazeti ukutani ili kuzuia upepo. Kitandani mtu alihitaji blanketi juu ya blanketi. Vitambaa vilitoka kwenye ovaroli zilizochakaa, mashati, magauni na magunia ya unga na ya mbolea. Suruali ya shambani ikikatwa, kila kipande hutunza kumbukumbu yake: goti limepauka, na pale mfuko ulipobanduliwa rangi ya buluu bado imekoza kama ya dukani. Missouri Pettway alipofiwa na mumewe, mwaka 1942, alichukua nguo za kazi za marehemu akazishona blanketi ili ajifunike kwa upendo wake. Blanketi hilo lipo hadi sasa, na madoa yake na mipauko yake.

Jinsi kazi ilivyogawanywa ndiyo ninayoiona kuwa ufunguo wa kisa chote. Blanketi la viraka lina tabaka tatu: uso wa viraka, pamba ya kati, na bitana. Uso, mwanamke aliuunga peke yake. Huko ndiko kulikokuwa na uamuzi wote wa rangi na mpangilio, na hakuna aliyeingilia. Pale tabaka tatu zilipotakiwa kushikana, fremu iliteremshwa, majirani wakaizunguka, wakashona pamoja huku wakiimba na kusali, kisha wakahamia nyumba ya pili. Ubunifu ulikuwa wa mtu. Jasho la kumalizia lilikuwa la kikundi.

Kalenda ya pamba iliamua mengine. Kiangazi chote ni palizi, na majani yanapoanza kupukutika ni kuchuma. Mavuno yakiisha, masalio ya pamba yaliyobaki shambani yaliokotwa, yakapigwa kwa fimbo hadi yakalainika, na hayo ndiyo yaliyowekwa katikati ya blanketi. Ndiyo maana katika mablanketi mengi ya zamani ukiyaelekeza kwenye mwanga unaona chembe nyeusi za ganda la pamba. Kutembea shambani majira hayo hakukuwa kwa burudani. Hata hivyo mtu anayetembea huona. Mary Lee Bendolph, mmoja wa washonaji wanaojulikana zaidi kijijini, ameeleza kwamba mawazo ya mablanketi yake humjia anapotoka nje na kutazama uani, mbele na nyuma ya nyumba. Ukiangalia mpangilio wanaouita Housetop, miraba ndani ya miraba kama paa linalotazamwa kutoka juu, huna haja ya maelezo zaidi.

Mwanzoni mwa 1965 hapakuwa na Mmarekani Mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura katika kaunti ya Wilcox, ingawa wao walikuwa zaidi ya robo tatu ya wakazi. Mwezi Februari mwaka huo Martin Luther King alifika Gee's Bend usiku wa mvua akazungumza kanisani. Watu wakaanza kwenda Camden kujiandikisha. Walioishi kwenye ardhi yao walirudi nyumbani kwao. Wapangaji wengi wa maeneo jirani walirudi wakakuta vitu vyao nje. Kivuko kilichowaunganisha wakazi wa Gee's Bend na Camden kilikuwa kimesimamishwa tangu 1962, hivyo safari ya dakika chache juu ya maji ikawa mzunguko wa zaidi ya kilomita 60 kwa barabara. Kivuko hicho hakikurudi hadi 2006.

Desemba 1965 kasisi wa Kianglikana, Francis Walter, alikuwa akizunguka kaunti hiyo kukusanya ushahidi wa watu waliofukuzwa kwa sababu ya kura. Akaona mablanketi matatu ya viraka yameanikwa kwenye kamba mbele ya nyumba moja. Aliposogea, mwenye nyumba alikimbilia msituni: mzungu asiyemjua, kwa wakati ule, hakuwa mtu wa kumngojea. Walter alirudi tena akiwa na mtu anayefahamika, wakazungumza. Kwa fedha kidogo za msaada akanunua mablanketi kwa dola 10 kila moja, akayapeleka New York kupigwa mnada. Tarehe 26 Machi 1966 wanawake wa Gee's Bend, Alberta na vijiji vya jirani walikutana na kuunda ushirika. Estelle Witherspoon akawa meneja wake kwa miaka mingi, mwanamke ambaye ukisoma alivyouendesha ushirika ule huwezi kuacha kumheshimu.

Dola 10 kwa blanketi lililochukua wiki za kazi ni kidogo mno, na leo watu hushtuka wakizisikia. Lakini ilikuwa pesa taslimu mkononi mwa mwanamke, isiyopitia kwa mwenye shamba wala kwenye daftari la madeni. Mpangaji aliyeogopa kwenda kujiandikisha kwa sababu angenyimwa mbegu, sasa alikuwa na kitu ambacho mwenye shamba hakuweza kumnyang'anya.

Mitindo ya New York ilikuwa tayari kupokea. Jarida la Vogue, wapambaji wa nyumba za matajiri na maduka kama Bloomingdale's walitaka mablanketi ya viraka mwishoni mwa miaka ya 1960. Na hapo tatizo likajitokeza. Duka likionyesha blanketi moja kwenye katalogi, mteja anataka hilohilo. Mshonaji aliyezoea kuanza na kitambaa cha bluu kwa sababu ndicho kilichobaki akaambiwa aache bluu, apime upya, arudie mishono iwe midogo na iliyonyooka. Mshauri wa biashara kutoka New York alisisitiza viwango na ushirika ukavipokea. Miundo yenye jina na kipimo kinachoweza kurudiwa ilipewa nafasi. Ile ya kujitungia haikuuzika. Wanawake kadhaa wa Gee's Bend, ambao sifa yao hasa ilikuwa kujitungia, walijikuta hawana nafasi kubwa katika ushirika au walishiriki kwa muda tu. Siwezi kulipuuza jambo hilo. Mtu aliyesifiwa na jirani zake tangu utotoni kwa jicho lake kuambiwa kazi yake haifikii kiwango ni jeraha.

Swali la kisa ni hili basi: kikundi chenye urithi wa ubunifu wa mtu mmoja mmoja kikipata soko linalotaka vitu vinavyofanana, kifanye nini? Njia ya kwanza ni kukataa na kubaki na mnada wa mara moja moja. Njia ya pili ni kubadilisha mablanketi yenyewe hadi yafanane. Foronya za Sears zilikuwa njia ya tatu, na kwa maoni yangu bora kuliko ile ya pili. Foronya haikudai kuwa sanaa ya mtu. Ilikuwa kazi ya ujira, inafanywa kiwandani kwa saa za kazi, na mwanamke akifika nyumbani blanketi lake lilikuwa bado lake.

Halafu kukawa na mabaki. Ukikata foronya kutoka jora la kodrai hubaki kingo na pembe, na kiwandani kwao mabaki hayo yalikuwa mengi, ya rangi zilizopendwa miaka ile: dhahabu, kijani cha parachichi, chungwa, nyekundu ya cheri, kahawia. Wanawake wakayabeba kwenda nyumbani, wakagawiana na waliokuwa nje ya ushirika. Mablanketi ya kodrai yaliyotokea Gee's Bend miaka ya 1970 ni miongoni mwa yanayostaajabiwa zaidi katika makumbusho leo.

Kwa nini kodrai ilizaa kazi nzuri hivyo? Mshonaji yeyote aliyewahi kuishika ataelewa. Ni nene, kwa hiyo viraka vidogo vidogo havifai: mikunjo ya mshono hujaa mahali pamoja na sindano hukwama. Haipendi kona za mviringo. Hutoa nyuzi kingoni, hivyo unahitaji kuacha upana wa kutosha wa mshono. Kitambaa hiki humlazimisha mtu kukata vipande vikubwa vilivyonyooka, na kwa vipande vikubwa rangi husema kwa sauti. Jambo la pili ni ile mistari yake yenye manyoya. Mwanga ukiipiga kwa upande mmoja, rangi hukoza. Geuza kipande hichohicho robo mzunguko, kinakuwa chepesi kama kimetoka jora lingine. Kwa mtu mwenye rangi moja tu ya dhahabu, tayari ana mbili. Ukitazama mablanketi hayo kwa makini utaona vipande vya rangi moja vimepangwa kwa kupishana mistari ya wima na ya mlalo, na uso mzima unabadilika ukitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuna mnunuzi aliyeagiza hivyo.

Upande wa ushirika wenyewe kulikuwa na jambo linaloonyesha kwamba viwango havikuua kila kitu. Muundo uitwao Pine Burr, tunda la msonobari, lile gumu lenye magamba ambalo huokotwa chini ya miti, hutengenezwa kwa mamia ya pembetatu ndogo zilizokunjwa na kushonwa zikilaliana, duara juu ya duara, hadi kitambaa kinainuka. Ni kazi nzito kwa mkono na kwa uzani. China Grove Myles ndiye aliyeijua, na kupitia ushirika aliwafundisha wengine. Mwaka 1997 bunge la Alabama liliutangaza Pine Burr kuwa blanketi rasmi la viraka la jimbo. Bila chumba cha pamoja cha kushonea, ujuzi huo ungeweza kuondoka naye.

Chumba hicho kilijengwa mwaka 1969, jengo la kushonea lililopewa jina la Martin Luther King, kwenye ardhi ambayo ushirika ulinunua wenyewe, ekari 23. Sehemu ya ardhi hiyo waliigawa viwanja wakaziuzia familia zilizofukuzwa mashambani kwa ajili ya kura. Waliweka pia mahali pa kulelea watoto ili mama aweze kuja kazini. Wanachama walipokuwa wengi zaidi walifika wapatao 150, na katika eneo lile hapakuwa na mwajiri anayewazidi. Klabu ngapi za ufundi zimewahi kuuza mito na kupata pa kuwaweka watu waliokosa makazi? Hapa ndipo naona watathmini wa sanaa peke yao hawatoshi kukihukumu kisa hiki. Wao wanahesabu mablanketi yaliyofanana na kusikitika. Familia iliyopata kiwanja ina hesabu nyingine.

Sasa udhaifu. Wa kwanza ni kumtegemea mnunuzi mmoja mkubwa. Oda ya Sears ilidumu miaka mingi, na kudumu kwake kulilevya. Kikundi kinachopata sehemu kubwa ya kipato kwa bidhaa moja ya mteja mmoja kinakuwa kimekabidhi ufunguo wa ghala lake kwa mtu wa mbali. Mablanketi ya bei rahisi yaliyoshonwa ng'ambo yalipofurika katika maduka ya Marekani, bei ya mkono wa Alabama haikuweza kushindana nayo, na hakukuwa na soko la pili lililoandaliwa.

Wa pili ni majina. Bidhaa zilitoka kwa jina la ushirika. Wakati wa hatari hilo lilikuwa ngao: jina la mtu lisionekane, mwenye shamba asijue ni nani. Lakini hatari ilipopungua, utaratibu haukubadilika, na mnunuzi hakujua ni mikono ya nani aliyoilipia. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalipoonyeshwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston na baadaye Whitney huko New York, yaliandikwa majina: huyu, mwaka huu, kitambaa hiki. Thamani ilipanda mara moja. Mengi kati ya hayo yalikuwa yameshonwa nyumbani, nje ya ushirika. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha za mablanketi hayo, na mwaka 2015 Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway walipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa. Umaarufu ulileta na ugomvi: mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi kudai haki na mapato yao, na mwaka uliofuata zikamalizika kwa mapatano. Ni dalili kwamba jina lilifika kabla ya mkataba wa kulilinda.

Wa tatu, na kwangu ndio mzito, ni urithi wa kazi. Wanachama walizeeka pamoja. Mabinti waliosomeshwa kwa fedha za sindano walikwenda mijini, jambo ambalo mama zao walilitaka na walikuwa na haki ya kulitaka. Ushirika haukuwa na namna ya kumpokea kijana ambaye hangeweza kuja kila siku, mathalani anayeshona nyumbani jioni na kuleta kazi yake mwisho wa mwezi. Estelle Witherspoon alifariki mwaka 1998. Mwaka 2012 Freedom Quilting Bee ilifunga rasmi, baada ya zaidi ya miaka 45.

Kama kuna klabu ya ushonaji inayofikiria oda kubwa ya kwanza, ningewashauri wasome kisa hiki kwa kuanzia na mabaki. Mkataba wenu unasema nini kuhusu vipande vitakavyobaki, ni vya nani? Wa Alabama hawakuuliza swali hilo kwa maandishi, ila waliishi kana kwamba jibu linajulikana: ni vya mshonaji. Kisha mtenge wazi kazi ya oda na kazi ya mtu, na ile ya mtu iwe na jina lake tangu siku ya kwanza, hata kama ni uzi wa herufi mbili kwenye kona ya bitana. Mpate mnunuzi wa pili wakati wa kwanza bado analipa vizuri, kwa sababu wakati huo ndipo mna nguvu ya kuchagua.

Gee's Bend yenyewe haijanyamaza. Tangu 2021 washonaji kadhaa huuza mablanketi yao moja kwa moja mtandaoni, kila mmoja kwa jina lake na bei aliyoipanga, na bei hizo mara nyingi ni maelfu ya dola. Mwezi Oktoba, pamba ikiwa inavunwa, kuna sherehe ya kuanika mablanketi: yanatundikwa kwenye kamba nje ya nyumba na wageni hutembea katikati yake wakizungumza na walioyashona. Jina limepatikana na bei imepatikana. Ambacho mwuzaji wa peke yake hana ni mahali pa kumwacha mtoto, fremu ya pamoja, na mfuko wa kumsaidia jirani kununua kiwanja, na sioni kwa nini kizazi hiki kisivirudishe vitatu hivyo bila kurudia kuficha majina.